Mtaa Ukijengwa Upya, Mkaazi Ni Nani?

Ukiwa unaishi Shauri Moyo, Ziwani, Bahati, Maringo au Jericho, umekwisha kusikia kwamba nyumba za kanjo zitabomolewa na maghorofa yainuke mahali pake. Huenda umewaona wapima ardhi wakipita, au uliitwa barazani ukaonyeshwa michoro ya rangi yenye miti mingi na watoto wanaoendesha baiskeli. Na bila shaka umepewa neno la kukutuliza: waliopo watapewa nyumba kwanza. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini haisemi ni nani anayehesabiwa kuwa yupo.

Chukua nyumba moja ya Jericho, tuseme. Kadi ya nyumba ina jina la mzee aliyepewa funguo miaka ya sitini, enzi za Halmashauri ya Jiji. Mzee alifariki, akazikwa kwao mashambani. Ndani anaishi binti yake na wanawe wawili, na kila mwezi analipa kodi kwa jina la marehemu kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda kulibadilisha. Uani kuna vyumba viwili vya mabati, zile ekstensheni ambazo kila mtu Eastlands anazijua, vilivyojengwa na kaka wa huyo binti ambaye siku hizi anaishi Syokimau. Chumba kimoja amekipangisha kwa fundi cherehani aliyeingia humo kabla ya mwanawe wa kwanza kuanza shule, na sasa kijana huyo yuko kidato cha nne. Siku karani atakapobisha hodi na daftari lake, ataandika jina gani? La marehemu? La binti? La kaka mwenye risiti za mabati na saruji? La fundi?

Makala haya ni ya hao wote, ukimtoa marehemu. Rai yangu niiseme mapema ili usiisubiri hadi mwisho: kumpa mkaazi nafasi ya kwanza ni haki, mradi ukaazi upimwe kwa kuishi, usipimwe kwa jina la kwenye kadi wala kwa kabila la mtu. Na kwa kuwa maafisa hawaoni kuishi, wanaona karatasi, karatasi zako zianze kutafutwa leo.

Eastlands yenyewe ilijengwa juu ya swali la nani ana ruhusa ya kulala Nairobi. Serikali ya kikoloni iliwataka Waafrika mjini kama vibarua, si kama wakaazi. Ndiyo maana nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya makapera, na nyumba za reli kule Muthurwa na Makongeni zilifuata kazi: kazi ikiisha, na paa limeisha. Kipande, ile hati ya utambulisho ya Mwafrika, kilimfuata mtu kila kona. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi na polisi waliizingira Nairobi wakaanza kuwachuja watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na maelfu wakapelekwa kizuizini au kurudishwa mashambani. Wengi wao walikuwa na kazi na kodi imelipwa. Ukaazi wao haukuwasaidia, kwa kuwa kipimo kilikuwa kabila. Anayetaka leo nyumba za mtaa fulani zigawiwe "watu wetu" anakirudisha kipimo kile kile, hata kama amekivalisha fulana ya chama.

Baada ya uhuru tulijaribu kipimo kingine. Mradi wa Dandora ulioanza mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitayarisha ploti 6,000 zenye maji na mabomba ya maji taka ili watu wa kipato cha chini wajijengee wenyewe. Aliyeomba alitakiwa awe tayari anaishi Nairobi, mapato yake yawe madogo, na asiwe na nyumba nyingine jijini. Masharti ya maana kabisa. Lakini yalikaguliwa mara moja tu, mlangoni. Wengi waliopata ploti waliziuza au wakazipangisha, wakahamia kwingine, na ukipita Dandora leo utakuta maghorofa ya vyumba vya kupanga yasiyo na uhusiano wowote na orodha ile. Umoja nayo, iliyojengwa miaka hiyo hiyo ya sabini kwa msaada wa Marekani ikilenga wenye kipato cha chini, iliishia mikononi mwa wenye nacho zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kipaumbele cha mkaazi ni upendeleo, nitamkubalia nusu. Kijana anayepanga Pipeline na kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ushuru wa nyumba ana haki ya kuuliza kwa nini mtu wa Bahati amtangulie. Jibu lake liko kwenye hesabu. Mtaa wa Pangani ulipovunjwa ili ujengwe upya, wapangaji wa kaunti walikuwa familia 48, na mpango ulikuwa wa nyumba zaidi ya 1,400. Familia hizo zililipwa shilingi 600,000 kila moja za kuhamia kwingine wakati wa ujenzi, na kuahidiwa nafasi ya kwanza. Zikitolewa nyumba 48, kijana wa Pipeline bado ana nyumba zaidi ya 1,350 za kuwania. Mitaa ya zamani ya Eastlands ina ardhi pana na nyumba chache, na kuirudishia kila familia iliyobomolewa nyumba yake hakumwibii mtu chochote. Wizi huingia pale orodha ya familia 48 inapogeuka kuwa ya 80 usiku wa manane.

Sasa turudi kwa wale wetu watatu. Kaka wa Syokimau ana kwake. Nyumba ya kurudishiwa si yake. Alipwe gharama ya mabati yake kama yalijengwa kwa ruhusa, basi. Anaponiambia mabati na saruji ni pesa zake, namwuliza: na wewe ulipokea kodi ya vyumba viwili miaka mingapi? Binti anastahili bila mjadala, ila karatasi zinamsaliti. Fundi cherehani ndiye mgumu. Kaunti haikumpangisha yeye, na mkataba wa nyumba za umma kwa kawaida haumruhusu mpangaji kupangisha mwingine. Lakini hakuvunja mlango. Alilipa, mtaa ukamjua, watoto wakasoma pale. Kumfuta kwa sababu kosa lilifanywa na aliyempangisha ni kumtoza yeye faini ya mtu mwingine. Ningemweka kwenye orodha ya nyumba za jamii, zile ambazo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inazitenga kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, baada ya binti na kabla ya wanaotoka nje ya mtaa.

Huu mzozo si wetu peke yetu. Jimbo la Flanders nchini Ubelgiji liliwahi kuweka sharti kwamba katika baadhi ya manispaa, anayenunua au kupanga nyumba athibitishe uhusiano na mahali hapo, kwa mfano awe ameishi huko miaka sita mfululizo. Lengo lilikuwa kuwalinda wenyeji wa kipato cha chini wasifukuzwe na bei. Mnamo Mei 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema lengo ni halali lakini masharti yamepotoka, kwa kuwa hayakumwuliza mtu uwezo wake: tajiri mwenyeji angefaidika sawasawa na maskini mwenyeji. Hoja hiyo inafaa kubebwa hadi barazani Kamukunji na Makadara. Ukaazi uende pamoja na uhitaji.

Na kabla hatujajipigia makofi, tujitazame tunapokuwa upande wa pili. Watu wa Eastlands ndio wanaojaza matatu za Jumapili kwenda kuonyeshwa ploti za hamsini kwa mia Kamulu, Joska, Malaa na Tala. Huko sisi ndio wageni. Pale ardhi inapohesabiwa kuwa ya kilimo, sheria inataka ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na nimewasikia wengi wakinung'unika kwamba bodi inaundwa na wenyeji na inawaangalia wanunuzi wa Nairobi kwa jicho la kando. Manung'uniko mengine ni ya kweli, mengine ni ya kutosoma. Sheria hiyo ya mwaka 1967 inairuhusu bodi kukataa iwapo mnunuzi haelekei kulima vizuri au kuiendeleza ardhi, iwapo tayari ana ardhi ya kilimo ya kutosha, au iwapo kuikatakata kutapunguza uzalishaji. Mnunuzi asiye raia wa Kenya hukataliwa. Haina kifungu kinachosema mtu wa Jericho asinunue Machakos. Katiba inasema kinyume chake: ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, na ibara ya 40 haki ya kumiliki mali sehemu yoyote ya Kenya. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 inakupa haki hiyo.

Kosa linalowagharimu watu wetu huko mara nyingi si chuki ya bodi, ni haraka. Maombi ya ridhaa hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano kufanywa; bila ridhaa, sheria inauhesabu ununuzi huo kuwa batili na unachoweza kudai ni pesa zako. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kitilit dhidi ya Kibet mwaka 2018, ilikubali kwamba haki na uadilifu vinaweza kumwokoa mnunuzi aliyelipa akaingia kwenye ardhi, lakini hiyo ni njia ya miaka mingi na mawakili wengi. Nenda bodi mapema, mwuzaji aje na mke au mume wake. Na ridhaa ya bodi si ruhusa ya kujenga. Kwa nyumba unahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na pengine kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makaazi kwanza. Dalali hatakuambia.

Turudi mtaani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukaazi nao ni mali. Karatasi zenyewe ni zipi? Kitambulisho usikitegemee sana. Kinaonyesha ulikozaliwa na kilikotolewa, na mtu aliyekulia Kaloleni maisha yake yote anaweza kuwa na kitambulisho kinachosema Siaya au Kitui. Karani mvivu hukisoma hicho na kukuandika mgeni. Zenye uzito ni zile zilizotokea zenyewe, bila wewe kuzitafuta kwa ajili ya nyumba: kituo chako cha kupigia kura, barua ya mtoto ya kujiunga na shule ya msingi ya hapo karibu, kijitabu cha kliniki, ujumbe wa tokeni za stima za miaka kadhaa, taarifa za M-Pesa zinazoonyesha kodi ikienda kwa mtu yule yule mwezi baada ya mwezi. Fundi wetu cherehani hana kadi, lakini simu yake ina historia nzima ya kodi aliyolipa. Taarifa hizo aziombe sasa, azichapishe, kabla hajabadilisha laini.

Barua ya chifu inasaidia, ingawa ni nyongeza tu; kila mtu anaweza kuipata, na kila afisa anajua hivyo. Bora zaidi ni hati ya kiapo ya majirani wawili wa muda mrefu, imesainiwa mbele ya kamishna wa viapo, ikitaja nambari ya nyumba na mwaka ulioingia. Mwaka uwe wa kweli. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na mtaani hakuna siri: yule uliyemshinda kwenye orodha ndiye atakayekuumbua.

Kwa binti anayelipa kwa jina la marehemu, kazi ni nyingine. Aandike barua kwa idara ya nyumba ya kaunti akiomba kadi ibadilishwe jina, aambatanishe nakala ya cheti cha kifo, cheti chake cha kuzaliwa na risiti za kodi. Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo moja isitoke nyumbani tena. Hata kama jibu halitakuja kwa mwaka mzima, muhuri ule unathibitisha kwamba hakujificha. Na kama kuna deni la kodi, aanze kulipunguza, hata kidogo kidogo. Deni ndilo kisingizio cha kwanza cha kumwondoa mtu kwenye orodha. Ndugu nao wakae kikao mapema waandike na kutia saini ni nani anayeishi humo, kwa sababu habari za nyumba mpya zikifika mashambani, kila mtoto wa mzee hugeuka mkaazi.

Siku ya kuhesabiwa, uwepo. Ikiwa huwezi, mwache mtu mzima wa nyumba hiyo mwenye nakala za karatasi. Soma fomu kabla ya kusaini na uangalie umeandikwa kama nani: mpangaji, mpangaji wa mpangaji, au mgeni wa mwenye nyumba. Wengi hufutwa na kisanduku kimoja kilichotiwa alama mahali pasipofaa. Piga picha fomu yako na nambari iliyoandikwa mlangoni. Mukuru ilipotangazwa kuwa eneo maalumu la mipango mwezi Agosti 2017, kazi ya kuorodhesha kaya na majengo ilifanywa pamoja na wakaazi wenyewe, wakihakikiana. Mtaa wako unaweza kudai utaratibu huo: orodha ibandikwe hadharani, majina yasomwe barazani, na kuwe na muda wa kupinga kabla haijafungwa. Majirani wanajua nani analala wapi kuliko kompyuta yoyote ya kaunti. Chama cha wakaazi kikiwa na orodha yake yenyewe mapema, karani atalazimika kueleza tofauti.

Mkiambiwa mhame kabla ya haya kufanyika, msikubali kutishwa kwamba asiye na kadi hana haki yoyote. Wakaazi wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2010, shirika la pensheni la wafanyakazi wa reli lilipotaka kuwaondoa, na mwezi Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki yao ya makaazi chini ya ibara ya 43 ilikiukwa. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakaazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilikwenda mbali zaidi: watu wasio na ardhi waliojenga makao yao kwenye ardhi ya umma hawapati hati miliki, lakini wanapata haki ya makaazi inayopaswa kulindwa. Na Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inataka notisi ya miezi mitatu hata kwa wanaokaa kwenye ardhi ya umma bila idhini, na wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa vitu vyao. Kama mambo yamefika hapo, tafuteni wakili kwa pamoja. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu miaka ya sabini. Kesi ya mtu mmoja mmoja huchoka haraka.

Kuna jambo moja ambalo mabaraza hulipitia juu juu, nalo ni bei. Nafasi ya kwanza ya kununua ni zawadi tupu kwa mama anayeuza mboga soko la Burma, ikiwa malipo ya mwezi ni mara kadhaa ya kodi anayolipa kaunti leo. Ulizeni barazani, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: anayerudi anapanga au ananunua? Kwa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Ada ya lifti, maji na ulinzi ni juu ya nani? Pesa za kuhama zinalipwa kabla ya kubomoa au baada? Akishindwa kulipa miezi mitatu, nini kinamfika? Mradi usio na majibu ya maswali hayo bado haujawa tayari kubomoa chochote.

Atakayekuja kukupa laki mbili umwuzie "nafasi" yako, mfukuze. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 hairuhusu aliyenunua nyumba ya mpango huo kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi husika, na anayenunua jina kwenye orodha ananunua kesi. Anayeuza atabaki bila nyumba, kisha ajikute anapanga ekstensheni nyingine Kayole kwa kodi kubwa zaidi.

Mwisho, usingoje uvumi wa kituo cha matatu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia kaunti akiomba nakala ya orodha ya wakaazi, vigezo vya kugawa nyumba na mkataba na mjenzi, na afisa anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Akinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Barua hiyo haihitaji wakili wala lugha ya mahakamani. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ikasainiwa na majirani kumi. Iandikeni kabla orodha haijafungwa.